Haikuwa Sindano Iliyomuua Mama

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka ninakosa usingizi na ninakosa pia adabu. Leo nitakosa adabu. Unisamehe ao usinisamehe, lakini usome mpaka mwisho.

Wiki hii nilikwenda kuteka maji kwenye bomba, hapa kwetu Nyakasanza, mutaa wa Bunia. Wasichana walikuwa pale, wengine wenye diplome zao, simu mukononi. Waliongea juu ya mutu fulani aliyekufa hospitali, macho yake yakiwa manjano. Mumoja akasema: "Walimudunga, njo maana. Manjano haipendi sindano." Wengine wakaitika: eee, ni kweli, manjano haipendi sindano. Nilimwaga ndoo yangu yote chini kwa kasirani. Miaka mingi namna hii, shule nyingi namna hii, na ule uongo ungali unatembea kwa miguu yake muzima, haujapata hata kikohozi! Ninaufahamu ule uongo vizuri. Mimi mwenyewe niliunyonyesha.

Nilikuwa na miaka makumi mbili. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri, nikashika kipimo cha mafuta ya mawese pamoja na mama sokoni. Watu walimwita Mama Ruti, kwa sababu Ruti ni mimi, kifungua mimba wake. Nyuma yangu alizaa wengine saba. Alikuwa munene, mucheshi, na sauti yake iliita wateja kutoka ng'ambo ya pili ya barabara. Meza ya pembeni ilikuwa ya rafiki yake, Mama Zawadi, naye pia muuza mawese. Hao wawili walitukanana kutoka asubuhi mpaka soko kufungwa, na hakuna ndugu wa tumbo moja waliopendana vile.

Ugonjwa haukuja kwa ghafula. Ulibisha hodi miezi mingi. Kila akikula chakula chenye mafuta mengi, mama alishika upande wa kuume, chini ya mbavu, akisema maumivu yanapanda mpaka begani. Siye tulicheka.

"Tumbo yako imechoka kubeba watoto nane," Mama Zawadi alimwambia. "Uiache ipumuzike. Ukule matembele bila mafuta."

"Nani atanunua mawese kwa mutu anayekula matembele bila mafuta?" mama akajibu.

Basi asubuhi moja jua linawaka, na mama anatetemeka. Anatetemeka mpaka chupa za mawese zinagongana juu ya meza. Mama Zawadi akainama, akamutazama usoni.

"Ee Mama Ruti, macho yako iko sawasawa na biashara yako. Wateja watakosa kujua wanunue chupa ao weye."

Mama alitaka kucheka. Akatapika.

Nyumbani nikaona mengine. Mukojo wake mweusi kama kahawa, choo chake cheupe kama majivu, na alikuwa anajikuna mpaka damu inatoka. Kwa hiyo nilifanya jambo moja la akili, na ninakuomba ulihesabu kwa maana halikuwa na ndugu: nilimupeleka kituo cha afya siku ile ile.

Infirmie, muuguzi wa pale, aliitwa Yonasi. Muzee wa maneno machache, mwenye kuuliza kila kitu mara mbili. Homa ilianza lini? Lini? Maumivu iko wapi? Wapi? Akabonyeza chini ya mbavu za kuume, mama akapiga kelele. Akafungua kope za macho, akatazama ile manjano, kisha akanigeukia.

"Ruti, sikiliza. Chini ya maini kuna kamufuko ka nyongo, na nyongo iko na njia yake ya kushuka mu matumbo. Jiwe imefunga ile njia. Nyongo imesimama ndani, imeoza, na mikrobi inapanda mu damu. Homa ya kutetemeka, maumivu ya hapa, na macho ya manjano: hizi tatu zikikutana, hatungojake kesho. Ninamutia serumu na dawa ya kuua mikrobi sasa hivi, kisha mumupeleke hospitali kubwa. Dawa itapunguza moto. Jiwe haitaondoka kwa dawa. Lazima docta afungue njia."

Nilikubali. Akamutia sindano mukononi, akatundika chupa, maji yakaanza kudondoka. Halafu akaingia chumba cha ndani kuandika barua ya kumupeleka hospitali.

Hapo ndipo shangazi Melania aliingia. Huyu alikuwa dada ya marehemu baba, mwanamuke ambaye hata kuku wa jirani walimutii.

"Eh! Mumemudunga? Mutu ya manjano? Ruti, weye ni mutoto ao ni muchawi? Hujui manjano haipendi sindano?"

"Shangazi, infirmie amesema nyongo imefungwa..."

"Infirmie njo alikuzaa? Utamuzika kesho, na usiniite kuja kulia."

Kwenye benchi walikaa wanawake wanne wakingoja zamu yao. Wote wanne walitikisa kichwa. Nilitazama vile vichwa, mwanangu. Maneno ya Yonasi nilikuwa nimeyaelewa, usinitetee kwa kusema sikuelewa. Lakini vichwa vinne vikitikisika pamoja vinamutisha mutu kuliko simba. Niliogopa kuitwa mutoto mubaya. Nikashika ule mupira wa serumu, nikang'oa sindano. Damu ilinirukia kwenye kitenge.

Yonasi alitoka na karatasi yake mukononi. "Umefanya nini? Ruti! Mama yako anaungua ndani, na weye unamwaga maji ya kumuzima?"

"Ni mama yangu," nikasema.

"Ni mama yako, njo sababu ninakuuliza mara mbili. Umefanya nini?"

Nilimupa mugongo. Tulimupandisha mama kwenye kinga, ile baiskeli ya marehemu baba, tukamufunga na kitenge asianguke. Mimi nikisukuma, shangazi akimushika mugongo, tukashika barabara ya kwenda Iga Barrière, kwa muzee mumoja wa majani aliyesifiwa kwa kuosha manjano.

Sikiliza sasa alivyoosha. Alimuchanja mama ubavuni kwa wembe, akapaka unga mweusi. Akamunywesha maji machungu. Kisha akamupaka chokaa kwenye mikono yote miwili, akamunawisha ndani ya beseni yenye maji ya magome ya muti. Maji yakageuka manjano mbele ya macho yetu. "Munaona?" akasema. "Inatoka." Shangazi akapiga vigelegele. Mimi nikalia kwa furaha. Kila asubuhi vile: chokaa, beseni, manjano, vigelegele. Na kila asubuhi mwili wa mama unachoma kuliko jana, ubavu umekuwa mugumu kama ubao, hataki hata maji.

Siku ya tatu muzee alimaliza kumunawisha na kumwaga yale maji, akajaza mengine ya magome kwa ajili ya jioni. Mikono yangu ilikuwa imejaa chokaa kwa kumushikilia mama. Nikanawa mule ndani bila kufikiri. Maji yakawa manjano.

Nilisimama pale nikitazama. Mimi sikuwa mugonjwa. Macho yangu yalikuwa meupe. Ilikuwa chokaa na magome tu, mwanangu, basi. Hata ungemunawisha mbuzi ungesema mbuzi ana manjano. Na ile muda nilipoteza nikipigia beseni vigelegele, mikrobi ilikuwa inapanda mu damu ya mama kama vile Yonasi alivyoniambia, mara mbili.

Nilirudi ndani ya nyumba ya muzee nikakuta mama ananiita. Lakini aliniita kwa jina la mama yake, aliyekufa zamani. Mikono na miguu yake ilikuwa baridi, kichwa chake moto. Sikumwambia shangazi kitu. Nilisimamisha lori iliyobeba mbao, nikaomba, nikalia, wakatupandisha mpaka Bunia, mpaka mulango wa hospitali kubwa.

Kule walimutia sindano mikono yote miwili. Serumu, dawa za nguvu, mashini ya kupumua. Walimupasua siku ile ile. Docta alitoka akiwa na kachupa, ndani mawe matatu kama punje za mahindi. Akasema njia ya nyongo ilikuwa imejaa usaha. "Mungemuleta ile siku ya kwanza..." akaanza kusema, kisha akanitazama uso, akaacha. Afazali angemaliza.

Mama alikufa kesho yake muchana, sindano zikiwa mikononi.

Umesikia? Sindano zikiwa mikononi. Hapo ndipo uongo unakulaka na kunenepa. Mutu anawekwa nyumbani na kwa majani mpaka damu imeoza, halafu anabebwa hospitali kufa, na wa mwisho kumugusa ni sindano. Basi sindano njo muuaji! Ni kama kumushitaki aliyekuja na maji ya mwisho kwamba ndiye alichoma nyumba.

Wazee wetu wanasema: muficha ugonjwa, kilio humufichua. Mimi kilio hakikunifichua. Kilio kilinificha. Kwenye matanga shangazi Melania alikaa katikati ya wanawake, akaeleza: "Walimudunga mikono yote miwili. Mikono miwili! Si nilisema? Manjano haipendi sindano." Watu wakalia zaidi. Mama Zawadi, aliyekuwa anapika ugali wa matanga, aliacha mwiko, akashika kichwa. "Walimuua rafiki yangu," akasema. Na mimi, ambaye mukono wangu uling'oa sindano iliyotiwa kwa wakati wake, nilikaa pale ninafuta kamasi. Watu wananipa pole. Nikapokea pole zote.

Yonasi alikuja pia. Aliketi mwisho wa benchi, akasikia yote, akanitazama. Alipotaka kuondoka nikamusindikiza mpaka barabarani, kwa maana ni desturi.

"Umesikia shangazi yako anasema nini?"

"Nimesikia, papa."

"Na weye unajua nini?"

Nikatazama barabara.

"Ruti, unajua nini?"

"Papa, nikisema, nitamuaibisha shangazi mbele ya watu. Na watu watasema mimi niliua mama."

Akanisogelea. Sikuwahi kumuona na kasirani vile; hata sauti hakuipandisha. "Ile siku ulikuwa mutoto mwenye kuogopa. Ninakusamehe ile. Leo hauko mutoto. Pale ndani kuna wanawake makumi tatu, kila mumoja ataenda na neno moja nyumbani kwake: sindano inaua. Utawahesabu weye, wale watakufa kwa ile neno? Kunyamaza mbele ya uongo, njo kuutia sinyatire, njo kuandika jina lako chini yake." Akaenda zake bila kuniaga.

Ungefikiri nilirudi nikasema? Sikusema. Nilirudi nikaosha masahani.

Mvua zilikuja, zikaenda. Nilikuwa ninauza peke yangu pale mezani kwa mama. Asubuhi moja meza ya Mama Zawadi ilikuwa tupu, siku iliyofuata tupu. Nikauliza. Wakaniambia: iko nyumbani, macho imekuwa manjano, anatetemeka, anashika ubavu. Watoto wake hawataki kusikia hospitali. Wanasema: tuliona ya Mama Ruti.

Tuliona ya Mama Ruti! Jina la mama yangu, mwenye kuchekesha soko nzima, limefanywa kufuli ya kumufungia rafiki yake ndani ya nyumba afe.

Niliacha mawese yangu bila kumuomba mutu alinde. Nilikimbia. Mulangoni nikakutana na Zawadi mwenyewe, binti yake mukubwa, rika yangu.

"Unatafuta nini, Ruti? Umekuja kutuletea sindano yako?"

"Niache niingie."

Ndani watu walijaa. Mama Zawadi amelala juu ya mukeka, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Na pembeni, mwanangu, beseni. Maji ya magome tayari, kipakiti cha chokaa tayari. Muzee wa majani alikuwa amekwenda kula tu. Nguvu zilitoka wapi sijui. Nilifungua ile chokaa, nikajipaka mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko, nikaiingiza kwenye beseni.

"Ruti! Umepata wazimu?"

"Tazameni!" Nikapandisha mikono yangu. Maji yalikuwa yanadondoka, manjano. "Mimi iko na manjano? Njoo mutazame macho yangu! Zawadi, njoo, tazama! Namna hii njo walinawisha mama, siku tatu, na mimi ninapiga vigelegele!"

Wakasogea kutazama. Kisha nikasema lile nililolificha tangu matanga. Nikasema kwamba mama alitiwa serumu siku ya kwanza, mapema, kabla ya beseni, kabla ya wembe. Nikasema sindano ile haikumuua, ilikuwa imeanza kumusaidia, na aliyeing'oa ni mimi, kwa mukono huu. Nikaonyesha mukono.

Mama Zawadi alijiinua kwa kiwiko. Sikujua kama alikuwa ananisikia.

"Njo weye," akasema. "Njo weye uliua rafiki yangu. Na ulikula ugali yangu ya matanga."

"Ndiyo, mama. Na sitaki kuua weye pia."

Akaniita karibu. Nikapiga magoti. Akanipiga kofi, mukono wake ukiwaka homa kama chuma ya pasi. Halafu akawaambia watoto wake: "Munangojea nini? Munipeleke."

Walimupeleka. Yonasi akamutia serumu na sindano za kuua mikrobi saa ile ile, hospitali wakafungua njia ya nyongo siku ya pili. Waliondoa jiwe moja. Waliacha kamupira kadogo ubavuni, nyongo ikadondoka kwenye chupa siku nyingi, mwanzo ya rangi ya matope, kisha safi, kijani. Alimaliza dawa zote. Mwezi uliofuata alikuwa mezani pake.

Hakunisamehe. Alizeeka bila kunisamehe. Miaka na miaka nikipita na salamu, "Mama Zawadi, jambo," anageuza uso kwa upande wa mawese. Shangazi Melania naye hakunisemesha mwaka muzima. Sikulalamika. Ninachagua mutu muzima mwenye kunichukia kuliko maiti mwenye watu wa kumulilia.

Sasa weye, mwanangu, pamoja na simu yako. Homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kuume, macho ya manjano: ukiona hivi, funga kitenge uende hospitali siku ile ile, hata hujapika. Usiniletee hesabu za manjano ipi ni ipi. Kuna manjano za namna nyingi, na mimi sizijui, na shangazi yako hazijui, na beseni haizijui kabisa. Waache wapime damu na kutazama tumbo kwa mashini yao. Wakikutundikia serumu, mukono wako ukae mbali nayo. Usinunue vidonge viwili vitatu kwa mutu wa barabarani na kusema umejitibu. Homa ikishuka, usikimbie kitanda: moto umepungua, jiwe lingali palepale. Docta akisema lazima afungue njia, uulize maswali yako yote, uulize mara mbili, halafu ukubali. Na kama ulikwisha kunywa majani, umwambie ulikunywa nini. Aibu haijazika watu wachache.

Na matanga. Hapa nitakuchapa kama hutasikia. Ukikaa kwenye matanga, na mutu akasema hospitali ilimuua fulani, fungua kinywa uulize: alifika siku ya ngapi? Na kama siku unaijua weye, kwa sababu weye ndiye ulimuchelewesha, simama useme. Watakuchukia. Acha wakuchukie. Wamoja wao watapona.

Mungu akulinde na ugonjwa unaojificha, na akulinde zaidi na watu wanaoficha. Akupe masikio ya kusikia mara ya kwanza. Mikono yako iwe myepesi kwa kubeba mugonjwa na mizito kwa kung'oa kile kinachomuponyesha. Uzae, uzeeke, na siku ukisema ukweli mbele ya watu wengi, sauti yako isitetemeke. Ni hivyo ninakuombea. Sasa enda ukawaambie wenzako.